SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUWAFUNDISHA WANAFUNZI HESABU YA VIUMBE VILIVYO HATARINI



Kanuni ya tano ya ushirika yatutaka tutoe elimu. Kanuni ya saba, iliyoongezwa katika mkutano wa Manchester mwaka 1995, yatutaka tuijali jamii ambamo chama kinaishi. Vyama vingi hutimiza wajibu huu kwa kuchangia madawati na mabati ya shule, na jambo hilo lastahili sifa. Somo hili lahusu mchango wa namna nyingine ambao hauhitaji fedha nyingi, nao ni kuwasaidia walimu wa shule zetu kuwafundisha wanafunzi habari za viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka.

Huenda mwanachama akauliza, mambo ya wanyama na miti yamhusu nini mkaguzi wa ushirika? Yamhusu kwa kuwa ni mambo ya hesabu. Ni nadra kiumbe kutoweka kwa siku moja. Aghalabu hutoweka kama mtaji wa chama unavyotoweka: kidogo kidogo, mauzo yakionekana kuwa mazuri, nao wenye mali wakigawana wakidhani wanagawana faida, kumbe wanakula mtaji. Mwanafunzi akiisha kufahamu tofauti ya vitu hivyo viwili, amekwisha kufahamu nusu ya somo. Na chama cha msingi ni miongoni mwa mahali pachache kijijini ambapo tofauti hiyo huandikwa daftarini.

TUANZIE WAPI?

Desturi ya shule nyingi ni kuanza na picha ya faru ukutani. Mwanafunzi huambiwa kwamba faru yu hatarini, hukariri, hujibu mtihani, na jambo hukoma hapo. Habari yenyewe ni ya kweli: barani Afrika faru weusi walikuwa wapatao 65,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Tangu hapo wamelindwa kwa gharama kubwa, na idadi yao imepanda ikapita 6,000. Lakini mwanafunzi wa Liwale au Nachingwea ambaye hajapata kumwona faru, wala hatamwona, hujifunza bila kukusudia kwamba viumbe vilivyo hatarini ni mali ya serikali, viko mbali, na vinalindwa na askari wenye bunduki. Kijijini kwake havipo. Hilo ni somo baya kuliko kutofundishwa kabisa.

Kwa maoni yangu, yafaa kuanza na kiumbe ambacho mtoto hukipita akienda shuleni, ambacho bado kipo, na ambacho wazazi wake wana mamlaka nacho. Katika mikoa yetu ya kusini kiumbe hicho ni mpingo. Faru na tembo watafuata baadaye, mwanafunzi akiwa tayari ana kipimo cha kuwapimia.

MADARAJA YA HATARI

Kabla ya kwenda msituni, mwalimu hana budi kueleza maana ya maneno, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile hutunza daftari la viumbe vya dunia nzima liitwalo Orodha Nyekundu, lililoanzishwa mwaka 1964. Humo kila kiumbe kilichopimwa huwekwa katika daraja lake. Kuna ambavyo havina shaka kwa sasa, na vilivyo karibu na hatari. Kisha yako madaraja matatu ya viumbe vinavyotishiwa: vilivyo mashakani, vilivyo hatarini, na vilivyo hatarini mno. Mwisho viko vilivyotoweka porini, vikabaki katika matunzo ya binadamu peke yake, na vilivyotoweka kabisa. Basi kila kiumbe kilicho hatarini ni kiumbe kinachotishiwa, lakini si kila kinachotishiwa kimekwisha kufika daraja la hatarini. Tofauti hii si ya maneno tu. Mwanachama anayedaiwa mkopo na mwanachama ambaye ng'ombe wake wamekwisha kukamatwa kwa deni wote wana shida, lakini ushauri wanaostahili kupewa si mmoja.

Mwalimu aweke mezani punje 100 za mahindi. Aondoe 30, akieleza kwamba kiumbe kilichopungua kwa kiasi hicho, na sababu ya kupungua ikiwa haijaondolewa, huwekwa daraja la mashakani. Aendelee hadi ziwe zimeondoka 50: sasa kiumbe ki hatarini. Zikiondoka 80 ki hatarini mno. Wanafunzi watazame punje 20 zilizobaki na waulizwe kama mtu angepita mezani na kuona 20 tu, bila kujua kwamba zilikuwa 100, angeona upungufu wowote. Hapo wataelewa kwa nini kumbukumbu za zamani zina thamani.

Ipo njia ya pili ya kupima, ya viumbe vilivyo vichache tangu hapo. Wakubwa wenye uwezo wa kuzaa wakiwa chini ya 1,000, kiumbe hicho ki mashakani hata kama hakipungui. Wakiwa chini ya 250 ki hatarini. Chini ya 50 ki hatarini mno.

Sasa jambo ambalo walimu wengi huliruka. Upungufu hupimwa katika muda wa miaka 10 au vizazi vitatu vya kiumbe chenyewe, kutegemea upi ni mrefu zaidi. Kwa panya miaka 10 yatosha. Kwa mpingo, vizazi vitatu hupita umri wa mzee yeyote kijijini. Hakuna mtu mmoja awezaye kushuhudia upungufu wote wa mti kama huo kwa macho yake. Ataona kipande tu, na kipande hicho kitamdanganya kwamba mambo ni yale yale. Ni lazima pawe na daftari linalopita maisha ya mtu.

MTI WENYEWE

Mpingo ni mti wa taifa wa Tanzania. Ni wa jamii ya kunde, wenye miiba, matunda yake yakiwa maganda membamba kama karatasi, na aghalabu si mrefu wala haukunyooka. Mgeni hawezi kudhani kwamba una thamani. Thamani imo moyoni mwake: chini ya gome kuna tabaka jembamba la mti mweupe, na ndani yake moyo mweusi, mgumu, mzito kuliko maji. Mwalimu aombe kwa mchonga vinyago kibanzi kimoja cha moyo huo, akitie ndani ya ndoo ya maji pamoja na kibanzi cha mwembe. Mwembe utaelea na mpingo utazama. Watoto wadogo hawatasahau jambo hilo.

Mti huu hupatikana katika nchi nyingi za Afrika, toka Senegali hadi Ethiopia na kushuka kusini, lakini kwa biashara hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Wamakonde wameupa sifa kwa vinyago vyao. Viwanda vya Ulaya na Marekani huutumia kutengenezea klarineti, obo na zumari za Waskoti. Katika Orodha Nyekundu umewekwa daraja la karibu na hatari. Aidha, tangu tarehe 2 Januari
2017 jamii nzima ya miti ya aina yake imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo magogo na mbao zake haziruhusiwi kuvuka mipaka bila hati za mkataba huo. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa masharti hayo.

Mwanafunzi mwerevu atasema: kama mpingo u karibu na hatari tu, na haujafika hatarini, kwa nini tuusome? Jibu ni kwamba hapo ndipo mahali ambapo kijiji bado kina la kufanya. Kiumbe kikifika hatarini mno huhitaji wataalamu, uzio, ndege na fedha za kigeni.

HESABU YA MITI THEMANINI

Zoezi hili lafaa kwa darasa la sita na kuendelea, na Katibu wa chama aweza kulifundisha mwenyewe ubaoni. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100, na penye ardhi mbaya hata zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu, kwamba huchukua miaka 80 kufikia kipenyo cha sentimita 24. Basi kila mwaka huongeza milimita 3, unene wa kama sarafu mbili zilizobebana. Tuseme tena kijiji kina msitu wenye miti 80, mmoja wa kila umri, wa mwaka 1, wa miaka 2, hadi wa miaka 80, na kila mwaka huota mche mmoja mpya.

Kijiji kikikata mti mmoja kila mwaka, ule uliofika miaka 80, mwaka unaofuata ule wa 79 utakuwa umefika nao. Msitu utabaki na miti 80 siku zote. Huo mmoja ni faida.

Sasa aje mnunuzi atakaye magogo manne kwa mwaka, na kijiji kikubali. Kila mwaka hukatwa minne iliyo minene kuliko yote. Wanafunzi waandike ubaoni. Baada ya miaka 10 miti 40 ya ile ya kwanza imekwisha kuondoka, na mkubwa uliobaki una miaka 50, kipenyo chake sentimita 15. Baada ya miaka 20 hakuna hata mmoja uliobaki katika ile 80. Iliyopo ni miche iliyoota katikati, na mkubwa kuliko yote haujafika miaka 20.

Ninawaomba Makatibu waitazame hesabu hii kwa jicho la kazi. Katika muda wa miaka 20 daftari la mauzo lingeonyesha magogo manne kila mwaka, bila kupungua hata gogo moja. Mkaguzi asomaye safu ya idadi peke yake angepitisha hesabu hizo. Hasara ilikuwa ikionekana katika safu moja tu, ya unene, nayo ndiyo safu ambayo mara nyingi haiandikwi. Kwa hiyo chama chochote kinachonunua au kuuza mti, uwe wa kuchonga, wa mbao au wa mkaa, kiandike kipimo cha kila gogo, na madaftari ya zamani yasitupwe. Mwalimu akiyaomba kwa ajili ya darasa, apewe ayasome hapo ofisini.

KUPIMA MSITUNI

Msitu wa kweli hauna mti mmoja wa kila umri, na hivyo ubao hautoshi. Mwalimu, Katibu na mjumbe mmoja wa kamati ya maliasili ya kijiji wawapeleke wanafunzi katika msitu, kwa idhini ya serikali ya kijiji. Vifaa ni kamba iliyopimwa, futi ya fundi cherehani, penseli na daftari. Wapime eneo la mita 50 kwa 50, ambalo ni robo hekta, na kila pembe waweke alama ya jiwe ili mwaka ujao wapate kurudi mahali pale pale. Ndani yake watafute kila mpingo.

Unene hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 toka ardhini. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo. Mzingo wa sentimita 75, kwa mfano, ni kipenyo cha karibu sentimita 24. Miche isiyofika kimo hicho ihesabiwe tu. Wanafunzi watapenda kupima mikubwa na kuipuuza miche, kwa kuwa mikubwa hufurahisha, na mwalimu hana budi kuwazuia, kwani habari yenyewe imo katika miche. Eneo likikutwa na miti mikubwa 12 bila mche hata mmoja, linafanana na chama chenye wanachama wazee watupu ambamo hakuna kijana aliyejiunga kwa miaka 30. Rejista yaonekana nzuri, mikutano yajaa, na siku zake zimehesabika.

Penye upungufu wa miche, wanafunzi watafute sababu. Mara nyingi wataikuta ardhini, nayo ni jivu. Moto wa mwisho wa kiangazi, unaopita majani yakiwa makavu kabisa, huua miche. Miti mikubwa huunguzwa sehemu ya chini, na kupitia jeraha hilo moyo wake huoza ndani kwa ndani, hata mvunaji akiukata hukuta tundu mahali penye mali. Moto wa mapema, unaowashwa kwa mpango majani yangali mabichi kidogo, hupita haraka na hauleti madhara kama hayo. Hili ni jambo ambalo watoto waweza kulipeleka nyumbani bila kumkosea mtu adabu.

Zipo tahadhari. Usikatwe mti wala tawi kwa ajili ya somo. Kibanzi kitolewe kwa mchongaji mwenye gogo la halali. Na orodha ya mahali ilipo miti minene isibandikwe ukutani shuleni; wasomaji wa ukuta si wanafunzi peke yao.

SWALI LA UFUTA

Mwalimu atakayefundisha somo hili vizuri ataulizwa swali gumu. Mtoto atasimama na kusema: «Baba amefyeka msitu ili alime ufuta, na ndani ya shamba palikuwa na mipingo. Je, baba ametenda kosa?»

Nimesikia kwamba baadhi ya walimu hukwepa swali hili, na wengine hujibu kwa ukali. Vyote viwili havifai. Ufuta ndio unaolipa ada na sare za mtoto huyo. Chama chenyewe hupata ushuru wake kwa kilo zinazopita ghalani, na katika taarifa ya mwaka sisi wenyewe husifu ongezeko la kilo bila kuuliza kama limetoka katika shamba lile lile lililotunzwa vizuri au katika msitu mpya uliofyekwa. Mkulima hufyeka msitu kwa sababu inayoeleweka: ardhi mpya ina rutuba na magugu machache, na baada ya misimu michache mavuno hupungua, akahama tena. Kumfundisha mtoto amlaumu mzazi kwa jambo ambalo chama, kijiji na soko vimelipigia makofi ni uonevu.

Yafaa mtoto ajibiwe kwa hesabu. Apewe pande mbili za daftari. Upande mmoja mapato ya ufuta kwa misimu ambayo shamba litazaa vizuri. Upande wa pili thamani ya mipingo iliyokuwamo, kama ingevunwa kwa utaratibu, pamoja na kuni, asali na dawa. Mara nyingine ufuta utashinda, na tusifiche jambo hilo. Lakini hapo litazuka swali lingine, nalo ndilo kubwa zaidi: fedha ya mpingo ingeingia mfuko wa nani? Mtu halindi mali ambayo faida yake humwendea mwingine.

Kuhusu hilo yapo mambo ya kuwaeleza wanafunzi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake katika ardhi ya kijiji, kuandaa mpango wa uvunaji, na kupokea mapato ya mti uliovunwa humo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa, kijiji cha Kikole kikiwa kimojawapo, ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanavijiji kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Wanavijiji hao walitenga msitu, wakahesabu miti kwa kamba na futi kama tulivyoeleza hapo juu, wakaweka kiwango cha kuvuna, na mpingo ukawa mali yao ya kuuza. Wakulima wake hawakuacha kulima. Walichopata ni sababu ya kutofyeka kila mahali.

TEMBO NA CHURA

Baada ya mpingo, darasa laweza kwenda mbali. Mifano miwili yatosha, na yote ni ya nchini.

Wa kwanza ni tembo wa Selous. Hesabu ya mwaka 1976 iliwakuta wapatao 109,000. Hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta wapatao 13,000. Wanafunzi wapige hesabu ya asilimia: waliobaki ni 12 katika kila 100. Lakini mwalimu asiishie hapo, kwani mwenye kuchora mstari mmoja kati ya tarehe hizo mbili atadhani walipungua sawasawa kila mwaka. Sivyo. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza vibaya. Mwaka 1989 ilifanyika Operesheni Uhai, na mwaka huo huo nchi wanachama wa mkataba wa biashara ya viumbe zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Idadi ikapanda, na kufikia mwaka 2006 walikaribia 70,000. Kisha ujangili ulirudi, na ndani ya miaka saba walianguka hadi hao 13,000. Wanafunzi wachore mistari yote. Watajifunza kwamba mali iliyookolewa mara moja yaweza kupotea tena, na kwamba hesabu mbili zilizo mbali hazitoshi kumhukumu mtu. Mwaka 2021 tembo wa nyika aliwekwa daraja la hatarini.

Wa pili ni chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, wa rangi ya manjano. Hutofautiana na vyura wengi kwa kuwa hatagi mayai, bali huzaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996 katika bonde la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, nyakati zile zile mpango wa bwawa la umeme ukiendelea. Duniani kote aliishi hapo tu, katika eneo la hekta chache lililoloweshwa siku zote na manyunyu ya maporomoko. Bwawa lilipoanza kazi, maji mengi yalielekezwa katika mitambo, na manyunyu yakapungua. Yalitegwa mabomba ya kunyunyiza maji, na vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Hata hivyo mwaka 2003 idadi ya waliobaki bondeni iliporomoka, nao ugonjwa wa ukungu wa vyura ukiwa umegunduliwa huko, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wazao wa wale waliopelekwa ng'ambo walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Mfano huu usifundishwe kama hadithi ya chura mzuri na umeme mbaya. Nchi ilihitaji umeme, na taa ya darasani yaweza kuwa inawaka kwa umeme huo. Ufundishwe kama habari ya mwenye ghala moja. Tembo ana maghala mengi. Moja likiungua, mengine yapo. Chura huyu alikuwa na ghala moja. Viumbe vya namna hii huwa hatarini hata kabla hatujayajua majina yao, na milima yetu ya mashariki inavyo vingi.

Vyama vya wavuvi vitauliza habari za baharini. Kwao mfano ni silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alikwisha kutoweka tangu zama za kale mno, hata alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alinaswa karibu na Songo Mnara mwaka 2003, na tangu mwaka uliofuata wengine wakanaswa Tanga, katika majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu. Hakuna amtafutaye, na nyama yake haina soko. Hufa kwa bahati mbaya ya nyavu za wengine. Yu hatarini mno. Mwalimu wa pwani awaulize wanafunzi wataandikaje daftarini hasara ambayo hakuna aliyeikusudia, wala aliyepata faida kwayo.

DAFTARI LIKAE WAPI?

Sehemu hii yawahusu Makatibu zaidi kuliko walimu. Shule nyingi zina klabu za wanafunzi za kuhifadhi mazingira, zikiwamo Klabu za Malihai zilizoanzishwa mwaka 1980. Hufanya kazi nzuri kwa mwaka mmoja au miwili, kisha mwalimu mlezi huhamishwa, wanafunzi humaliza shule, na daftari huliwa na mchwa kabatini. Kipimo cha mti unaoongeza milimita 3 kwa mwaka hakiwezi kutunzwa na klabu ya namna hiyo.

Chama cha msingi hakihami. Kina ofisi, kabati lenye kufuli, Katibu anayekabidhi kazi kwa maandishi, na ukaguzi wa kila mwaka. Napendekeza basi kwamba kila chama kilicho karibu na msitu kifungue Daftari la Miti la Shule. Liwe na safu za tarehe, eneo, idadi ya miche, mzingo wa kila mti uliopita kimo cha kifua, alama za moto, na majina ya waliopima. Wanafunzi ndio wapime na kuandika, chama kitunze. Nakala moja ipelekwe serikali ya kijiji. Katika Mkutano Mkuu wa mwaka, mwanafunzi mmoja apewe dakika 10 kusoma matokeo, baada ya taarifa ya mapato na matumizi na kabla ya mengineyo. Gharama ni daftari moja gumu na futi mbili, nazo zaweza kutolewa katika fungu la elimu bila azimio la ziada. Mimi katika vyama vya eneo langu nitaliomba daftari hilo pamoja na vitabu vingine, ingawa kwa sasa hakuna kanuni inayonilazimisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Chama chenu kilipokea kilo ngapi za ufuta au korosho katika misimu mitano iliyopita? Ongezeko, kama lipo, limetoka katika mashamba ya zamani au mapya? Mmejuaje?

2. Rudieni hesabu ya miti 80, safari hii kijiji kikikata miwili kwa mwaka. Itachukua miaka mingapi hata ile ya kwanza iishe, na mkubwa uliobaki baada ya miaka 20 utakuwa na unene gani?

3. Ni kiumbe gani ambacho wazee wa kijiji chenu walikiona wakiwa watoto na leo watoto hawakioni? Waulizeni wazee watatu kila mmoja peke yake, mlinganishe majibu.

4. Kama kijiji chenu kina msitu uliotengwa, mapato yake huandikwa wapi, na nani huyasoma mbele ya wanakijiji?

5. Nani katika chama chenu atakabidhiwa Daftari la Miti la Shule, na litafunguliwa kabla ya moto wa kiangazi kijacho au baada yake?